Meno ya Chini

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Sutton Coldfield, Uingereza, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni meno. Wazee wengi wa pale huvua meno yao ya bandia kabla ya kulala na kuyatia ndani ya glasi ya maji, pamoja na kidonge kinachotoa povu na harufu kali ya mnanaa. Naingia, nafungua pazia, nasalimia, nasuuza meno, namrudishia mwenyewe. Harufu ile nimeizoea mpaka siisikii tena. Lakini juzi alihamia kwetu mzee mpya, Mjamaika, na nilipoinua glasi yake akaniambia kwa kinywa kitupu, "Usikimbie nayo, darling, ndiyo mali iliyobaki." Nikacheka naye, kisha ikabidi nikae kwenye kiti cha wageni. Nilikuwa nimerudi ndani ya lifti ya jengo letu kule Ladywood, mjini Birmingham, nikiwa na miaka kumi, nikichungulia kinywa cha mtu niliyekuwa na hakika kwamba ni babu yake mama.

Ninyi mliolelewa katika miji hii na wazazi kutoka kwetu mtanielewa. Tulikuwa na historia mbili, ya shule na ya jikoni, na hakuna mtu aliyejisumbua kuziunganisha. Mimi nilijaribu mwaka ule ambao Dani alikuja.

Dani ni neno letu la Kijaluo la bibi, na huyu alikuwa mama yake mama. Mama alikuwa mjamzito, na Dani aliletwa kutoka Kisumu ili amsaidie kujifungua na kumlea mtoto. Tulikaa ghorofa ya tisa. Dani aliingia, akatembea hadi dirishani, akatazama chini, akarudi jikoni, akaenda tena dirishani. Baba alimvutia kiti. Akasema asante, akabaki amesimama. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Alikunywa chai akiwa amesimama, akamenya viazi akiwa amesimama, akazungumza nasi huku akipita kutoka chumba hadi chumba.

"Nyumba hii imetundikwa," alisema. "Mtu atakaaje juu ya hewa?"

Kwa mama alizungumza Kijaluo. Kwangu mimi alizungumza Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na cha kugombezwa tu. Mwanzoni nilimjibu kwa Kiingereza kama nilivyozoea kuwajibu wazazi wangu, hadi alipoanza kujifanya hasikii. Ukiomba sukari kwa Kiingereza, sukari haikuja. Nusu ya Kiswahili ninachoandika sasa nilikipata kwa njaa.

Shuleni, muhula ule, tulikuwa tukisoma Vita vya Pili vya Dunia. Mwalimu wetu, Miss Parkin, alibandika ramani kubwa ukutani, na kila wiki akachomeka bendera nyekundu ya karatasi mahali penye mapigano. Alianza na Dunkirk, askari wakisubiri ufukweni. Zikafuata ndege zilizopigana juu ya Uingereza, Stalingrad kwenye theluji, El Alamein kwenye mchanga, Normandy kwenye maji ya baridi. Alitupa pia picha za mji wetu wenyewe, nyumba zilizopasuliwa na mabomu hadi ukaona karatasi za maua kwenye kuta za vyumba vya kulala vya watu. Na karibu kila bendera aliyoichomeka, alirudi nyuma hatua moja na kusema, "Hapa ndipo vita vilipogeuka." Mimi niliyapenda maneno yale, lakini yalinisumbua. Kama vimegeuka Stalingrad na vimegeuka El Alamein, vilikuwa vikielekea wapi? Niliviona vikizunguka tu kama Dani.

Nilimsimulia hayo nyumbani. Dani alikuwa akikatakata sukumawiki. Kisu kikasimama.

"Muulize mwalimu wako, Burma viligeuka lini."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za Ogutu, baba yake. Alichukuliwa kwenda vitani Dani akiwa mdogo kiasi kwamba sura yake ilimpotea kabisa. Kilichobaki kichwani mwake ni kinywa. Zamani kwetu, mvulana alipokua aling'olewa meno ya mbele ya chini, na wanaume wote wa rika la Ogutu walikuwa na pengo hilo. Alipocheka, Dani alimchomekea kidole kwenye pengo, naye akafumba midomo na kukishika kidole kile kwa ufizi, akakataa kukiachia, mpaka mtoto avute kwa nguvu zake zote huku akicheka kufa. Kisha akapanda meli na wenzake kwenda kumpigania mfalme wa Waingereza huko Burma, nchi ya misitu na mvua. Vita vilipokwisha, mmoja wa wenzake alirudi na kusema kwamba mara ya mwisho alimwona kando ya mto, mvua inanyesha, matope magotini, amebeba machela yenye mgonjwa kuelekea kwenye maboti. Aliwaambia wamngoje. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyeleta habari nyingine.

"Kwetu mtu akipotea kabisa, tunazika yago," Dani aliniambia. Yago ni tunda refu zito, linalotundikwa na mti wake kwa kamba ndefu. Linavishwa sanda na kulazwa kaburini badala ya mwili, ili aliyepotea apate pa kulala. "Walimletea mama yangu yago mlangoni. Akawafukuza nalo. Akasema, mume wangu si tunda."

Mama yake hakukubali pia kurithiwa na shemeji, kama wajane wenzake walivyorithiwa. Ili arithiwe, ilibidi akubali kwamba ni mjane. Kila jioni aliweka chakula pembeni cha mtu mmoja, mpaka alipozeeka, mpaka alipokufa, na alipokufa Dani akaipokea kazi ya kungoja.

Na sasa alikuwa Birmingham. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na mimi kwa miaka yangu kumi sikuona kasoro yoyote ndani yake. Nani alimchukua Ogutu? Waingereza. Mtu akichukua kitu hukipeleka wapi? Kwake. Basi tulipokwenda naye sokoni mjini kununua samaki, Dani alimsimamia mbele kila mzee mweusi aliyepita, akamtazama kinywani na kumwambia, "Oyawore," yaani umeamkaje kwa Kijaluo, akangoja jibu. Wazee wale walikuwa Wajamaika na Wabarbados waliovalia vizuri kuliko Waingereza. Walivua kofia zao na kusema, "All right, darling," wakaenda zao. Dani akatikisa kichwa na kumfuata mwingine. Mimi nilitamani ardhi inimeze na samaki wangu.

Asubuhi moja mama alikuja mezani macho mekundu. "Nimemwota babu tena," alisema. "Amesimama hapo nje kwenye lifti. Amelowa chapachapa. Kofia ya kijeshi. Anauliza mbona hamnifungulii."

Dani alikuwa dirishani. "Ulikula nini jana?"

"Mama, please, usianze. Unajua anataka nini. Anataka jina. Mtoto huyu ni wa kiume, na ni yeye amekuja."

"Akinyi, jina la mtu aliye hai hapewi mtoto. Ukimpa, umemzika."

"Angekuwa na miaka mingapi sasa? Sema wewe mwenyewe."

"Watu wanaishi."

"Mimi sina neno," Baba alisema, ingawa hakuulizwa. "Kwetu majina yako tele."

Hakuna aliyenieleza zaidi, nami nikajieleza mwenyewe. Kwetu mtoto hupewa jina la jamaa aliyekufa. Dani alisema ukimpa mtoto jina la aliye hai umemzika. Kwa hiyo, nikaelewa, jina ndilo linaloua. Ogutu alikuwa mahali fulani anapumua, mzee sana, na siku mama atakapolitamka jina lile juu ya mdogo wangu, yule mzee ataanguka hapohapo alipo, pengine akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mama hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka tu na kuvimba miguu. Ilinibidi nimpate yule mzee kabla mtoto hajazaliwa. Sikumwambia mtu.

Kuanzia hapo sikutulia. Kitini shuleni nilikuwa nikipigapiga miguu hadi aliyekaa mbele yangu akahama. Nilimwuliza Miss Parkin Burma iko wapi. Akatazama ramani yake, na ramani ikaishia hatua chache baada ya Misri, kisha ukaja ukuta wenye rangi ya maziwa, kisha swichi ya taa. "Iko huku," alisema, akaweka kiganja karibu na swichi. "Swali zuri sana. Tutafika huko muda ukituruhusu." Muda haukuturuhusu. Wiki iliyofuata watu wa Uingereza walikuwa tayari wanacheza barabarani kusherehekea kwamba vita vimekwisha. Niliinua mkono tena. Je, wa Burma waliambiwa? Miss Parkin alikuwa mwalimu mwaminifu, akasema kwamba kule walipigana miezi kadhaa zaidi baada ya sherehe zile, na kwamba waliitwa jeshi lililosahauliwa.

Mwaka uliotangulia, tulipokwenda kuogelea na shule, basi lilirudi likamwacha msichana mmoja kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Alipatikana jioni, amekaa na taulo yake. Kwangu mimi jambo la Burma likawa wazi kabisa. Walihesabu vibaya.

Baba naye akanichochea bila kujua. Alikuwa akifanya kazi ya kubomoa kiwanda cha zamani cha magari kule Longbridge, na jioni moja alisema kwamba chini yake kuna mahandaki marefu ambamo wakati wa vita watu walitengeneza mitambo wakijificha mabomu. Nilimwuliza kama wote walitoka. Akacheka. Nikamwuliza tena kesho yake, naye akamwambia mama kwamba shule inanitia wazimu.

Mista Neville alikuwa akiishi ghorofa ya sita, peke yake. Alikuwa mrefu, suruali zake zilipigwa pasi mpaka mstari ukakata, na alinukia mnanaa. Nilimjua maisha yangu yote bila kumtazama, kama unavyojua kitasa cha mlango wenu. Wiki ile kila mtu mjini alianza kuvaa ua jekundu la karatasi kwenye koti, kama Waingereza wafanyavyo kila Novemba kuwakumbuka askari wao. Niliingia kwenye lifti nikitoka shule, naye akawa ndani ameshika chupa ya maziwa, amevaa ua lake, na kando ya ua kulikuwa na nishani. Aliniambia, "Afternoon, darling," na midomo yake ikaingia ndani. Nikatazama. Chini, mbele, palikuwa patupu.

"Ulikuwa vitani?" nilimwuliza.

"Nilikuwa."

"Ulikuja kwa meli?"

"Sisi sote tulikuja kwa meli."

"Walikusahau?"

Alicheka mpaka akajishikilia ukutani, na lile pengo likafunguka mbele yangu. "Kila siku ya Mungu," alisema. "Kila siku ya Mungu, darling."

Lifti ilifika ya sita akashuka. Mimi nilipanda hadi ya tisa kwa ngazi, sijui kwa nini, labda lifti ilikuwa polepole mno kwa habari nilizokuwa nazo.

Dani hakunicheka. Nilimwambia kila kitu, nishani, meli, kusahauliwa, kisha nikamwambia juu ya meno, na hapo akaweka chini ndoo aliyokuwa ameshika. Mama alikuwa kazini. Dani alinawa mikono na uso, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akajitazama kwenye kioo cha bafuni kwa muda mrefu. Alifunga kitambaa, akakifungua, akakifunga upya.

"Atanijuaje?" aliniuliza. "Mimi nilikuwa mtoto."

Mista Neville alifungua mlango, na sasa meno yalikuwepo. Nilichanganyikiwa kidogo, lakini tulikuwa tumeshafika. Alitukaribisha, akamvutia Dani kiti kando ya meza iliyokuwa na domino. Dani akabaki amesimama. Alimtazama yule mzee tangu viatu hadi nywele, akamwambia oyawore. Mista Neville akanitazama mimi.

"Mwambie afungue kinywa," Dani aliniambia.

Nilimwambia kwa Kiingereza. Watu wengine wangetufukuza. Yeye aliuliza tu, "Kwa nini?" na mimi nikajibu kwamba Dani anamtafuta baba yake na baba yake hana meno ya chini. Mista Neville akageuka upande kwa heshima, akavua meno ya chini, akavua na ya juu, akayaweka yote juu ya domino zake, akainama na kufungua kinywa.

Dani alisogea karibu. Alichungulia kama mtu anayetafuta ufunguo chini ya kabati. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka.

"Mwambie," alisema, "baba yangu meno ya juu alikuwa nayo. Na huyu ni kijana. Angekuwa amenizaa akichunga mbuzi."

Nilipotafsiri, Mista Neville alicheka na ufizi wake wote, Dani akacheka, na mimi nikasimama kati yao nikijua kwamba sijampata. Nilitaka kulia kwa hasira. Yeye alirudisha meno yake, akauliza huyo baba alipigana wapi. Dani akamsimulia, mimi nikitafsiri: mto, mvua, machela, ngojeni. Mista Neville akasema Burma hakufika. Vita vyake alivipigana na spana kwenye baridi, akitengeneza ndege katika mashamba ya Uingereza, na vijana aliowatengenezea ndege hizo wengi hawakurudi. Kila Novemba, siku ya kumbukumbu, huenda kwenye jengo la ukumbusho katikati ya mji na kuyataja majina yao kwa sauti, maana wengine hawana mtu wa kuwataja.

"Baba yako anaitwa nani?" alimwuliza Dani. "Nitamweka humo."

Dani alielewa kabla sijatafsiri. "Anaitwa Ogutu. Lakini mwambie hajafa."

Mista Neville hakubishana. "Basi nitamtaja na walio hai," alisema.

Tukiwa kwenye lifti tukipanda, Dani aliegemea ukuta. Nilimwuliza kama amekasirika nami. Akasema hapana. Kisha akasema, akitazama namba zikiwaka juu ya mlango, "Nyakwara, mimi si mjinga. Najua miaka." Nyakwara kwa Kijaluo ni kusema mjukuu wangu, na aliniita hivyo alipotaka nimsikilize. "Lakini nikisema amekufa, atakuwa amekufa palepale mtoni, tangu zamani. Sasa mama yangu alikuwa akimngoja nani? Chakula chote kile, alimwekea nani? Nitakuwa nimesema mama yangu alikuwa mwendawazimu."

Lifti ikafunguka, naye akatoka mbio kidogo, kama kawaida yake, kwenda dirishani.

Mdogo wangu alizaliwa wiki ileile, kabla ya siku yake, na alifika nyumbani akilia. Sisemi kulia kwa watoto. Alilia asubuhi tukivaa, alilia nikirudi shule, alilia akinyonya na akimaliza kunyonya. Nesi wa kutembelea watoto wachanga alisema ni tumbo, akatuachia matone. Mama akampa ma-drops yale, akalia zaidi. Dani alisema si tumbo. Kwetu mtoto akilia hivyo anatafuta jina lake, na dawa yake ni kumtajia waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka anyamaze. Atakayetajwa mtoto akanyamaza, ndiye aliyekuja.

Basi Dani akatembea naye sebuleni, mlango hadi dirisha, akitaja. Alitaja upande wa mama, akataja upande wa Baba kwa kuulizia. Akataja mtu aliyekufa kwa nyoka na mtu aliyekuwa mkali sana, ambaye hata yeye hakutaka arudi. Mtoto akalia. Mama alikaa kwenye kochi, nywele hazijasukwa, akifuata kwa macho. Kila Dani alipofika mwisho wa majina alinyamaza kidogo, na sote tulijua ni jina lipi limerukwa, kisha akaanza tena mwanzo. Mama hakulisema. Aliuma mdomo, na mimi nilimlinda kwa macho, maana niliona jina limemjaa kinywani. Nilimpenda mdogo wangu na nilimwonea huruma, sauti ilikuwa imeanza kumkauka. Lakini kila alipolia nilihesabu kwamba yule mzee bado anapumua.

Jumapili mchana mlango uligongwa. Alikuwa Mista Neville, amevaa koti refu jeusi, ua jekundu, nishani zote, na baridi ya nje ikaingia pamoja naye. Alikuwa ametoka mjini kwenye kumbukumbu. Alimletea mtoto kofia ya sufu. Mama akasimama kumpokea, mtoto akilia begani kwake, na Mista Neville akalazimika kupaza sauti.

"Mwambie bibi yako nimemtaja," alisema. "Ogutu. Nimelitaja kwa nguvu mpaka watu wakageuka."

Jina lilianguka pale sebuleni. Nilimtazama mama, mama akamtazama Dani, na Dani, aliyekuwa dirishani, akanitazama mimi.

"Muulize," alisema, "amemtaja na walio hai, kama alivyoahidi?"

Nikamwuliza. Mista Neville alivua kofia yake.

"Niliahidi hivyo," alisema. "Lakini nilipofika pale kwenye walio hai, nikakuta nimebaki mimi peke yangu. Sikutaka kumwacha na mimi, asimame tena kwenye baridi akingoja. Nikamweka na wale vijana. Wako wengi. Wana kelele. Mwambie anisamehe."

Nikafungua kinywa, nikakifumba. Mama alielewa Kiingereza chote kile, lakini alibaki kimya. Yeye ndiye aliyelitaka jina, asingeweza kuwa yeye wa kulisema. Nadhani hata Dani alikuwa ameelewa. Lakini alikuwa akingoja aambiwe, kama mtu anavyopaswa kuambiwa, na mtu kwa mdomo wake. Hiyo ndiyo habari ambayo kwa maisha yake yote hakuna aliyekuja mlangoni kuileta. Niliogopa sana. Niliamini kwamba yule mzee amesimama mahali fulani, mzima, na maneno yangu ndiyo yatakayomwangusha.

"Nyakwara," Dani alisema. "Sema."

"Amesema amemtaja na waliokufa," nilisema. "Ili asingoje peke yake. Wako wengi."

Nilisema kwa Kiswahili, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, na sikuweza kuinua uso. Niliona miguu ya Dani ikiondoka dirishani, ikapita kando ya viatu vya Mista Neville vilivyong'arishwa, ikasimama mbele ya miguu ya mama iliyovimba. Alinyoosha mikono akapewa mtoto. Mtoto alikuwa amefungua kinywa chote, mwekundu, akilia bila sauti sasa, pumzi tu. Dani alimwinua hadi kwenye mwanga. Akachungulia ndani ya kinywa kile, vilevile alivyochungulia ghorofa ya sita. Juu hamkuwa na kitu, na chini hamkuwa na kitu. Akaweka kidole chake pale mbele, chini, mahali pa pengo.

Mtoto akafumba midomo. Akakishika kile kidole kwa ufizi, akakataa kukiachia, na nyumba nzima ikawa kimya hata tukaisikia lifti ikipita ukutani.

Dani alivuta kidole, taratibu. Mtoto akang'ang'ania.

"Ogutu," Dani alimwambia, "mbona umechelewa hivi? Mama amekungoja mpaka amechoka."

Kisha akavuta kiti kwa mguu wake, na mtoto mikononi, akakaa.